Sayansi Ianzie Ufukweni

Katika pwani ya Kilwa na Lindi hakuna mtoto asiyejua kwamba bahari hujaa na kupwa. Kabla hajajua kusoma, amekwisha kuyatambua maji makuu ya bamvua na maji mafu, na anaelewa kwamba ziko siku ambazo mama yake huondoka asubuhi na ndoo kwenda mwambani kuchokoa pweza, na ziko siku ambazo hakuna aendaye. Mtoto huyohuyo akifika shule ya sekondari hufundishwa kwamba maji ya bahari huvutwa na mwezi. Huiandika sentensi hiyo katika daftari, huikariri, na siku ya mtihani huirudisha kama alivyoipokea. Lakini akiulizwa ni kwa nini wanawake wa kwao hushuka mwambani saa 4 asubuhi na si saa 10 alasiri, aghalabu hana jibu. Si kwamba hajui lolote. Maarifa yake mawili, ya nyumbani na ya darasani, hayajapata kukutanishwa.

Kutokutana huko ni hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi huingiwa na imani kwamba sayansi ni habari za nchi za mbali zinazokaa vitabuni, na kwamba mambo ya kwao ni mazoea tu, yasiyo na sababu wala kanuni. Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipoilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfanya adhani kuwa maarifa yote yenye thamani hutoka katika vitabu. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu maneno hayo yaandikwe, nayo bado hayajachakaa.

Hoja ya makala haya ni kwamba somo la sayansi, kwa mtoto wa pwani, lianzie ufukweni. Kianze kitu chenyewe, kifuate kipimo, kisha sababu, na mwisho ndipo lije jina la kitaalamu. Mifano mitatu ya mwambao huu yatosha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana, na kwamba kutolifanya kuna gharama.

HESABU YA BAMVUA

Bahari katika mwambao huu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Dakika hizo 50 za ziada zina sababu yake. Wakati dunia inapojizungusha mara moja, mwezi nao huwa umesogea mbele katika njia yake. Kwa hiyo mahali palipokuwa chini ya mwezi jana hapana budi pazunguke kwa dakika 50 zaidi hadi paufikie tena. Ndiyo maana maji yakipwa leo saa 4 asubuhi, kesho yatapwa karibu saa 5 kasoro dakika 10.

Hapa mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu nyepesi. Dakika 50 mara siku 15 ni ngapi? Ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Nao muda baina ya kupwa kumoja na kupwa kunakofuata ni saa 12 na dakika 25 hivi. Maana yake ni kwamba kila baada ya siku 15 hivi, maji hurudia kupwa katika saa zilezile. Siku 15 hivi ndizo pia zilizo baina ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo bamvua, ambayo hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huja daima na saa zake. Katika pwani ya Tanzania, bamvua hupwa kati ya saa 4 na saa 5 za asubuhi, na tena usiku. Maji mafu ndiyo yanayopwa alasiri, nayo hayaendi mbali. Hilo ndilo jibu la swali la wanawake na ndoo zao, na kila mwenye kalenda ya mwezi nyumbani anayo tayari kalenda ya bahari. Mtoto anayehesabu siku za Ramadhani anahesabu pamoja nazo bamvua mbili na maji mafu mawili.

Kwa nini basi maji yawe makuu siku hizo? Kwa sababu si mwezi peke yake unaovuta. Jua nalo huyavuta maji ya bahari, ingawa kwa kuwa liko mbali mno athari yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa karibu katika mstari mmoja, na mivuto miwili husaidiana. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na maji huwa mafu. Mwanafunzi makini atauliza tena: ikiwa mwezi uko upande mmoja wa dunia, kwa nini bahari ijae mara mbili na isijae mara moja? Jibu ni kwamba mvuto wa mwezi hupungua kadiri ya umbali. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na dunia huvutwa zaidi kuliko maji yaliyo upande wa pili. Kwa hiyo maji hutuna pande zote mbili. Isaac Newton alieleza mzizi wa jambo hili mwaka 1687. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko aweza kuujaribu ukweli wake kwa mti uliochorwa sentimita na kusimikwa gatini, kwa saa ya mkononi, na kwa subira ya siku chache.

Mti huo utamfundisha jambo jingine, ambalo laweza kumwokoa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Wanamaji wana kanuni ya kukadiria: maji hupanda kwa muda wa saa 6 hivi, na kimo chote kikigawanywa mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Tuchukulie kimo cha mita 3, ambacho si kigeni siku za bamvua. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 25 tu, na mchokoaji aliye mbali kwenye fungu la mchanga hudhani bado ana nafasi. Saa ya tatu hupanda sentimita 75, ambazo zatosha kumfikia mtoto kifuani, na huko nyuma yake mkondo baina ya fungu na pwani umekwisha kujaa. Wazee huwaonya watoto wasichelewe kurudi. Shule yapasa kuwapa sababu ya onyo hilo kwa tarakimu, ili mwenye haraka ya kuongeza pweza mmoja ajue anashindana na nini.

JIWE LILILO HAI

Mfano wa pili ni matumbawe. Katika lugha ya kila siku tumbawe ni jiwe, na watu wengi hulichukulia hivyo. Ukweli ni kwamba tumbawe hujengwa na vinyama vidogo sana, vinavyoishi kwa maelfu pamoja, vikichukua madini kutoka katika maji ya bahari na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe ya mwambani hustawi katika maji maangavu yasiyo na kina kirefu. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo tumbawe lenye kimo cha mita 1 limechukua miaka 100 hivi, yaani umri wa babu na zaidi.

Utamaduni mzima wa pwani hii umesimama juu ya kazi ya vinyama hivyo. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulioanzishwa katika karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa ya matumbawe. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wanafunzi hupelekwa kuyatazama, nao hurudi na majina ya masultani. Ni nadra kuulizwa: chokaa hii ilipatikanaje?

Jibu lake ni somo kamili la kemia. Matumbawe makavu hupangwa juu ya kuni nyingi na kuchomwa kwa moto mkali, wa nyuzi 900 za Selsiasi hivi. Madini yake, kalsiamu kaboneti, hutengana: gesi ya kaboni dioksidi hutoroka hewani, na oksidi ya kalsiamu hubaki. Kila gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi hutoa gramu 56 za oksidi na gramu 44 za gesi. Yaani karibu nusu ya uzito hupotea bila kuonekana. Kitu kilichobaki kikimwagiwa maji huvuma na kutoa joto kali, na ni hatari kwa macho na ngozi, ndiyo maana wanafunzi wasiguse. Chokaa hiyo iliyolowanishwa ikikandwa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza polepole kunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Ukuta wa Kilwa, kwa hiyo, ni jiwe lililovunjwa kwa moto na kuundwa upya na hewa.

Jaribio lake halihitaji maabara. Kipande cha kombe lililookotwa ufukweni kisagwe, kitiwe katika kikombe, kisha kinyunyiziwe siki au maji ya ndimu. Vitatokea vipovu. Vipovu hivyo ni kaboni dioksidi ileile, inayofukuzwa safari hii na asidi badala ya moto.

Na gharama ya kutojua iko wapi? Iko chini ya maji. Anayeamini kwamba tumbawe ni jiwe haoni kosa kulivunja, kwani jiwe halifi. Uvuvi wa baruti, ambao sheria inaukataza, umeiumiza miamba ya pwani ya Tanzania kwa miaka mingi, ukiwamo mwambao huu wa kusini. Mshindo mmoja huua samaki wakubwa na wachanga kwa pamoja, na hubomoa nyumba ambayo ilijengwa sentimita kwa sentimita. Doria zina kazi yake, lakini doria haiwezi kuwako kila mahali. Mlinzi wa kudumu ni yule kijana anayejua, kwa kipimo alichokifanya mwenyewe, kwamba mavuno ya dakika moja yamelipiwa kwa miaka 100.

MIFUPA YA TENDAGURU

Mfano wa tatu uko bara kidogo, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi. Katika mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliarifu juu ya mifupa mikubwa iliyoonekana katika kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Jumba la Makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji mkubwa hapo. Mamia ya wenyeji walichimba, na wapagazi wakachukua mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Huko, mwaka 1937, lilisimamishwa gofu la dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ambaye hadi leo ni miongoni mwa magofu ya dinosaria marefu kupita yote yaliyosimamishwa duniani.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kama habari ya wataalamu wa Ulaya peke yao. Lakini kumbukumbu za uchimbaji huo zinamtaja Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye alikuwa fundi hodari wa kutambua, kufukua na kuhifadhi mifupa. Hakupata shahada yoyote. Alichokuwa nacho ni jicho lililozoeshwa kutazama na mkono uliozoeshwa kutokuwa na haraka, na hizo ni sifa za mwanasayansi popote alipo.

Yako mengine ambayo mwanafunzi wa pwani angeweza kuyaelewa Tendaguru upesi kuliko mwenzake wa mji usio na bahari. Matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka yenye visukuku vya makombe na viumbe wengine wa baharini. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, mahali hapo palikuwa karibu na pwani: bahari ilisogea, ikarudi, ikasogea tena. Yule aliyekwisha kuona jinsi tope na mchanga wa ufuko unavyofunika kombe, mfupa wa samaki na ukuti wa mnazi kila maji yanapojaa, amekwisha kuona mwanzo wa kisukuku. Kilichobaki ni kumwongezea muda.

Watu wamekuwa wakijadili kama mifupa hiyo irudishwe Tanzania. Mjadala huo ni wa haki. Lakini iko haki nyingine ambayo haihitaji ruhusa ya Berlin, nayo ni kumfundisha mtoto wa Lindi kulisoma tabaka la mwamba. Mifupa ikirudi na kumkuta mtoto asiyejua kusoma mwamba, ataitazama kama mtalii anavyoitazama.

MTIHANI NA MAABARA

Walimu wana hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Wa kwanza atasema kuwa muda ni mfupi na mtihani wa taifa hauulizi habari za pweza. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza juu ya mvutano, juu ya asidi na kaboneti, juu ya miamba ya mashapo na juu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Mambo hayo yote yako ufukweni. Mwanafunzi aliyeviona vipovu vya ndimu hahitaji kukariri kwamba asidi na kaboneti hutoa kaboni dioksidi. Atakumbuka kama anavyokumbuka jambo lililomtokea.

Wa pili atasema kuwa shule yake haina maabara. Upungufu huo ni wa kweli, na serikali haina budi kuendelea kuuondoa. Hata hivyo ukosefu wa vioo na kemikali usiwe kisingizio cha kukosa vipimo. Mti wenye alama, kamba yenye mafundo, mizani ya dukani na daftari la kumbukumbu ni vyombo vya sayansi mradi vitumiwe kwa uaminifu.

Wa tatu atatoa hoja nzito kuliko zote: maarifa ya wenyeji yana makosa, na shule isiyabariki makosa. Hilo nalo ni kweli, na tumbawe linaloitwa jiwe ni ushahidi wake. Lakini dawa ya kosa ni kipimo, wala si dharau. Mvuvi akisema jambo, darasa lilipime. Likithibitika, wanafunzi watakuwa wamepata kanuni na pia heshima kwa wazee wao. Lisipothibitika, watakuwa wamejifunza jinsi dai linavyokataliwa kwa adabu. Mwaka 2003 wavuvi wa pwani ya Kilwa walimtoa baharini samaki aitwaye silikanti, wa jamii ambayo wanasayansi walidhani imekwisha kabisa tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavu wa mvuvi na kitabu cha mtaalamu vilihitajiana, na hakuna kimoja ambacho kingetosha peke yake.

Tena isidhaniwe kwamba shauri hili ni la wenye bahari tu. Nachingwea hakuna bamvua, lakini kuna mikorosho na wadudu wake. Ruangwa kuna kinywe, ambacho ni kaboni ileile iliyomo katika penseli ya mwanafunzi. Songosongo, licha ya pweza wake, kuna gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974, na ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mtoto wa kisiwa hicho anastahili kujua ni kitu gani kinachopita chini ya miguu yake kwenda kuwasha taa za mji mkubwa.

LIPI LIFANYIKE

Hatua zinazotakiwa si kubwa. Kila shule ya sekondari iliyo karibu na bahari isimike mti wa kupimia maji, na wanafunzi wa zamu waandike kimo na saa kwa mwezi mzima, wakilinganisha na umri wa mwezi. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe, ili darasa la mwaka huu lisahihishwe na la mwaka ujao. Mchokoaji mmoja na nahodha mmoja waalikwe shuleni kila mwaka, si kwa sherehe, bali waulizwe maswali na majibu yao yaandikwe. Ziara ya Kilwa Kisiwani iwe ya somo la historia na la kemia kwa pamoja. Watunga vitabu nao waweke mifano ya nchi hii mwanzoni mwa sura, wala wasiibanze mwishoni kama kiambatisho.

Jambo la mwisho ni lugha. Mtoto hufika kidato cha kwanza akiwa na maneno kujaa, kupwa, bamvua, mkondo, tumbawe na chokaa, kisha huambiwa aanze upya katika lugha ya kigeni kana kwamba hajui kitu. Mwalimu anayechukua dakika 5 kuunganisha neno jipya na neno la nyumbani hapotezi muda, kwani anamwonyesha mwanafunzi kwamba jambo analofundishwa analijua nusu tayari. Nusu iliyobaki, yaani kipimo na sababu, ndiyo kazi ya shule, na hakuna mwingine aliyekabidhiwa kazi hiyo.